Mistari ya Maji kwenye Fremu

Fundi rangi wa mtaa wetu tunamwita Mikono Miwili, kwa sababu haondoki ukutani mpaka rangi ipigwe mkono wa pili. Ni mtu wa kushuku. Ukimsalimia kwa bashasha, anajiuliza umevunja nini chake.

Basi siku kaka yake alipomletea chupa ya chai, na "mdogo wangu kipenzi" juu yake, hakuigusa. Miaka hamsini hajawahi kuitwa kipenzi, leo kuna nini?

Walikuwa kwenye nyumba ya marehemu baba yao, ukingoni kabisa mwa ziwa, wanaiandaa kuuzwa. Magugu ya ufukweni yameshafyekwa, madirisha yamesuguliwa, kuta nyeupe pee. Ilibaki fremu ya mlango wa mbele.

"Hiyo piga msasa mpaka iwe laini, kisha rangi ya mafuta, nzito," kaka akasema. "Mteja anakuja saa tisa."

"Nzito ya nini?"

"Ipendeze."

"Kaka, toka lini wewe na kupendeza? Shati hilo ndilo uliloolea!"

Sasa, kwenye fremu ile baba yao alikuwa na kawaida yake. Kila ziwa lilipoingia ndani, alikwaruza mstari kwa msumari pale maji yalipofika. Ilikuwa minne. Wa juu kabisa unamfika mtu gotini.

Hapo Mikono Miwili akajua chai imetoka wapi. Mvua zikija, mama wa watu anayeinunua akikuta viatu vyake vinaelea sebuleni, atamtafuta nani? Kaka atakuwa mbali. Atatafutwa aliyepaka. Na nusu ya nyumba za mtaa huu kazipaka yeye. Jina likishachafuka, nani atampa tena ukuta?

Akachukua msasa, akaenda kusugua mlango wa jikoni. Polepole.

Mteja akafika kabla ya saa, nesi mstaafu. Kuta hakuzitazama hata mara mbili. Akainama kwenye fremu, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo.

"Hii ya nini?"

Kaka akawahi. "Aa, mama, utoto huo! Mzee alikuwa anatupima urefu."

"Mkaishia gotini?" Akamgeukia mwenye msasa. "Eti, fundi?"

Mikono Miwili akaweka msasa chini. "Ni maji, mama. Yameingia mara nne. Huo wa juu ndio mwisho wake."

Kaka akamtazama kama anayetaka kumnywesha kopo zima la rangi.

Nesi akacheka. "Mimi nimezaliwa kando ya ziwa hili. Kwetu yalifika dirishani! Goti ni kupandisha sakafu tu. Nyumba ya jirani wameniapia haijawahi kulowa, nikatoka mbio. Hii naichukua. Na fremu asiiguse mtu."

Alipotoka kwenda kutazama ufukwe, kaka akamvuta mdogo wake pembeni.

"Wewe na huyu mama mmejuana lini? Mmepanga nini?"

Mikono Miwili akafungua ile chupa, akamimina kikombe, akamkabidhi.

"Anza wewe, kaka kipenzi."