Kifutu Niliyemwita Chatu

Mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, nilihamishiwa Babati kuwa karani wa mkoa, nikajenga Maisaka, pembeni kabisa, mashamba yanapoanzia. Jirani yangu alikuwa bibi mwenyeji aliyeishi na mkwe wake, mke wa mwanawe. Hatukupatana. Yeye alisema nimejenga juu ya shamba la marehemu mumewe. Mimi nilisema ana wivu.

Siku moja baada ya mavuno bibi na mkwe walimwona nyoka kwenye lundo la mabua, mpakani mwetu. Majirani wakaja na fimbo, nami nikaja na elimu yangu ya sekondari. Nyoka alikuwa mnene, rangi ya udongo, amejaa vumbi. Niliona mabaka tu.

"Huyu ni chatu mtoto," nikatangaza. "Hana sumu. Mwacheni ale panya."

"Ni kifutu," bibi akasema. "Chatu mabaka yake yametapakaa ovyo. Huyu ana michoro ya mishale, imepangana mpaka mkiani. Na sikia anavyopumua!"

Niliinama kidogo. Mishale niliiona, hafifu, chini ya vumbi. Lakini watu walikuwa wananitazama.

"Mama, elimu ya nyoka umesomea wapi?"

"Hapo ulipochimba choo chako."

Walicheka, na kicheko kile kiliniuma. Nikasimama mbele ya fimbo zao mpaka nyoka akajivuta taratibu, ameunyoosha mwili, akaingia chini ya mabua.

Asubuhi mkwe alikwenda kuchukua mabua ya ng'ombe. Bibi alimkataza. Akamjibu, "Mama, mtu wa mkoa kasema ni chatu."

Niliposikia ukelele nilikimbia. Mkwe alikuwa amekwisha kubebwa kupelekwa hospitali, mkono umevimba. Nyoka amelala amepondwa kichwa. Umande ulikuwa umemwosha vumbi, na mishale ilionekana wazi mgongoni, myeusi, yenye kingo za njano.

Bibi alininyooshea kidole.

"Huyu ni mwingine," nikasema. "Wa jana alikuwa chatu."

Uongo huo haukuishia pale. Mkwe alikatwa vidole viwili, na mtaani wakaanza kunong'ona: bibi alijuaje? Kama wa jana alikuwa chatu, huyu kifutu katumwa na nani? Niliwasikia, nikanyamaza. Bibi akasusiwa hata kisimani, mwishowe akahamia Sigino kwa binti yake.

Nilipostaafu nilikwenda kwa mkwe. Alikuwa anapepeta maharage, ungo ameubana kwa kiganja. Nikamweleza yote, nimesimama, maana hakunipa kiti.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ya kwanza."

"Na mama wakamwita mchawi, huku unasikia."

"Ndiyo."

Akaweka ungo chini. "Mimi usiniombe kitu, baba. Waambie wao. Anza na nyumba ile yenye bati jekundu."

Nikadhani atanisindikiza. Alisimama getini kuhakikisha nimebisha hodi. Wenye nyumba walinisikiliza nikiwa mlangoni mpaka nikamaliza, kisha mzee wao akasema, "Basi nenda na kwa wengine," akafunga mlango.