Mkono Uliotajwa na Seva

Wenzake kazini walimwita Nukta, na jina hilo alilipata kihalali. Alipokuwa mgeni pale, alikaa siku mbili nzima akitafuta kwa nini programu moja inagoma, akaja kugundua kwamba mtu alisahau kuweka nukta mahali. Hakupiga kelele. Aliiweka, akarudi kwenye kiti chake, akamalizia chai iliyokwisha poa. Tangu hapo hata mlinzi wa getini alimwita hivyo, na aliyebaki kumwita kwa jina lake ni mama yake mzazi tu.

Kazi yake ilikuwa kutunza seva ya ofisi ya usajili wa ardhi. Hati za viwanja vyote vya mji, ramani za mipaka, majina ya wenye nyumba na ya wanaodai kuwa wenye nyumba, vyote vilikaa kwenye kabati moja la chuma lenye diski kumi na mbili, katika chumba kidogo cha ghorofa ya pili. Dirisha la chumba hicho lilizibwa kwa mbao. Kiyoyozi kilipuliza baridi ya kuuma meno, kwa hiyo nyuma ya mlango palining'inia sweta moja la ofisi. Kila aliyeingia alilivaa, na hakuna aliyewahi kukubali kwamba ni zamu yake kulifua.

Nukta alishughulika na programu. Diski zenyewe, yaani kuchomoa zilizochoka na kuchomeka mpya, zilikuwa kazi ya fundi, na fundi huyo alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Ni Nukta aliyempa habari za nafasi ile miaka minne nyuma. Shemeji alifanya usaili akawapita wote, lakini usaili nani anaukumbuka? Watu walikumbuka undugu. Walimwita "kijana wa Nukta", ingawa mvi zake zilikuwa nyingi kuliko za Nukta.

Mwanzoni mwa mwaka seva ilianza kuanguka. Skrini za kaunta ziliganda zote kwa pamoja, foleni ikarefuka mpaka kwenye ngazi, na Nukta akapanda mbio kuiwasha upya. Iliamka salama, hakuna hati iliyopotea. Baada ya siku nane ikaanguka tena. Ilipoanguka mara ya tatu, Msajili Mkuu alimwita Nukta ofisini kwake, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo siku zote alimwachia katibu muhtasi.

Msajili alikuwa ameishi na kesi za viwanja kwa zaidi ya miaka ishirini, na miaka hiyo ilimfundisha kutoamini hata kivuli chake. Alieleza, taratibu, kwamba mjini kuna watu ambao wangelala usingizi mtamu sana kama kumbukumbu za ardhi zingepotea.

"Mashine haianguki yenyewe mara tatu," alisema. "Kuna mkono. Nitafutie huo mkono, na usimwambie mtu."

Nukta alirudi mezani kwake akafungua kumbukumbu za seva. Seva huandika kila kitu: nani ameingia, ametoa amri gani, saa ngapi na dakika ngapi. Alisoma siku zote tatu, kisha akazisoma tena. Mara zote mstari wa mwisho kabla ya kimya ulikuwa amri ya kutoa diski, na mbele ya amri hiyo palikuwa na jina la shemeji yake.

Alijaribu kumtetea. Kwa miaka minne mtu huyu alichomoa diski na hakuna kilichoanguka. Lakini hapo hapo wazo likageuka upande wa pili: kama zamani haikuwa hivyo, basi kuna kilichobadilika, ama mashine ama mtu. Mashine ilibadilishiwa kiendeshi cha diski, yaani ile programu inayoongoza diski, mwishoni mwa mwaka, na kiendeshi hicho kinatumika kwenye seva nyingi sana duniani. Tena Nukta alikuwa amekijaribu mwenyewe kabla ya kukiweka. Ikabaki mtu.

Na ukianza kumtazama mtu kwa jicho hilo, huishiwi cha kuona. Shemeji alikuwa amepunguza maneno. Hakula tena na wenzake mchana. Simu yake ikilia, alitoka kwenda kuongelea kwenye ngazi, mgongo ukiwa kwa watu. Jumapili Nukta alikwenda nyumbani kwa mdogo wake kama kawaida, akakaa sebuleni, na kila shemeji alipoinuka macho ya Nukta yalimfuata.

"Shemeji, leo unanitazama kama unataka kunipima mipaka," shemeji alimtania, na watoto wakacheka. Nukta naye akacheka, akachelewa kidogo.

Jikoni alimuuliza mdogo wake, kwa kuzungukazunguka, kama mumewe amepata marafiki wapya. Mdogo wake aliacha kumenya vitunguu akamwangalia. Alisema hajui, kisha akabadilisha mazungumzo.

Jumatatu Nukta alitega mtego. Kiendeshi cha diski kwa kawaida hufanya kazi kimyakimya, lakini kina sehemu inayoitwa uchunguzi. Ukiiwasha, kiendeshi kinasimulia kila hatua, kama mpiga soga asiyejua kunyamaza. Nukta aliiwasha, akaiacha wazi usiku na mchana bila kumwambia mtu, ili safari hii aone shemeji anafanya nini hasa. Wiki hiyo seva ilianguka mara mbili. Mara zote mbili shemeji alikuwa ndani ya chumba, na mara zote mbili mstari wa mwisho ulikuwa wake. Nukta alichapisha karatasi, akazipeleka kwa Msajili.

Shemeji alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Aliambiwa aache ufunguo, akae nyumbani uchunguzi ukiendelea. Hakubishana. Alimkuta Nukta kwenye korido, akasimama mbele yake.

"Ni wewe uliyenitaja?"

Nukta alisema kwamba zilizomtaja ni kumbukumbu za seva.

"Kumbukumbu hazitembei mpaka ofisi ya Msajili, shemeji. Kuna mtu amezibeba."

Tangu siku hiyo mdogo wake hakupokea simu. Mama yao aliuliza kuna nini, akajibiwa na wote wawili kwamba hakuna kitu.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa, seva ilianguka. Nukta alipofika juu alikuta mlango umefungwa. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya Msajili, na daftari la kuingia halikuwa na jina hata moja. Mle ndani diski ya tisa ilikuwa imekufa yenyewe, kama diski zinavyokufa. Hapakuwa na mkono wa mtu yeyote.

Badala ya kushusha pumzi, Msajili alikaza macho. Kama fundi hayupo na mlango umefungwa, alisema, basi mwenye uwezo wa kuiangusha mashine kutoka kwenye kiti chake ni mmoja tu. Alimpa Nukta siku tatu, na akamwamuru katibu muhtasi akae pembeni yake muda wote, aandike chochote cha kutia shaka.

Katibu alikuwa mama wa makamo asiyejua programu hata kidogo. Alileta kiti na daftari, akakaa, akaomba radhi. Nukta ndipo alipoonja kutazamwa: kila akibonyeza kitufe, kalamu iliinuka. Alisoma programu ya kiendeshi mstari kwa mstari, na jioni ya siku ya pili akasimamisha kidole kwenye skrini, na katibu akauliza kuna nini.

Nukta alimweleza. Kwa kila diski, kiendeshi hushika kielekezi, na kielekezi ni kama kikaratasi chenye anwani: taarifa za diski hii ziko mahali fulani, jina lake liko pale. Diski ikitoka au ikifa, anwani hufutwa, na hilo ni sahihi. Tatizo ni ile sehemu ya uchunguzi. Diski ikishatoka, sehemu hiyo, kama mtumishi, huja kuandika kwamba diski fulani imetoka, na ili apate jina, anakwenda kwenye kikaratasi kile kile ambacho kimeshafutwa.

"Kwa hiyo anatumwa kwa mtu ambaye ameshahama," katibu alisema.

"Na karatasi ni tupu, haina hata mtaa. Huyu hajui kurudi kuuliza. Anaanguka palepale, na akianguka yeye, jengo zima linaanguka naye."

"Na kazi yake ilikuwa nini?"

"Kutuambia kwamba mtu amehama."

Katibu aliandika maneno hayo yote kwenye daftari lake, akayapigia mstari.

Lakini Nukta hakulala na furaha. Yeye aliwasha uchunguzi baada ya seva kuanguka mara tatu, na tangu hapo hakuuzima. Zile tatu za mwanzo, nani aliuwasha? Alirudi kwenye kumbukumbu, na mstari ambao mwanzoni aliuona akaupita ulikuwa pale, dakika moja kabla ya kila anguko: uchunguzi umewashwa. Jina lilikuwa la shemeji. Shaka yote ikarudi, ikiwa imenenepa. Basi shemeji alikijua kitu kinachoua mashine, na kila mara alikiwasha yeye.

Nukta alikwenda nyumbani kwao asubuhi yake. Mdogo wake alifungua mlango, akamwacha aingie, akatoka uani. Shemeji alikuwa mezani. Nukta aliuliza moja kwa moja.

"Niliwasha, ndiyo," alisema. "Mwaka mzima nasikia minong'ono. Kijana wa Nukta, kijana wa Nukta. Hati moja ikichelewa kuonekana, wananitazama mimi ninayeshika diski. Nikasema, kila ninapogusa ile mashine, iandike kila kitu. Nilitaka iwe shahidi wangu."

Zile simu za kwenye ngazi, aliongeza bila kuulizwa, zilikuwa za kutafuta kazi kwingine.

Nukta alivuta kiti akakaa. Kisha alisema kwamba anahitaji mtu wa kuchomoa diski mbele ya Msajili, na kwamba hana haki ya kumwomba yeye. Shemeji alifikiri, akakubali kwa sharti moja: Msajili asimame karibu kiasi cha kuiona mikono yake.

Walitumia seva ya zamani iliyokuwa stoo, wakaiwekea kiendeshi kile kile, kati ya viti vilivyovunjika miguu. Uchunguzi ukiwa umezimwa, shemeji alichomoa diski. Seva ikaendelea kuvuma. Ukiwa umewashwa, alichomoa, seva ikanyamaza. Kisha Nukta akaweka marekebisho yake, mistari mitatu tu: angalia kwanza kama kielekezi ni tupu, kikiwa tupu, andika kwamba diski haijulikani, uendelee na kazi. Shemeji alichomoa mara ya tatu. Seva iliandika mstari wake, ikaendelea. Msajili alisema anataka kuchomoa mwenyewe. Alichomoa mara nne, akiinama kusikiliza kila mara, kama anayetarajia kumfumania mtu ndani.

"Na huo mstari mbovu aliuandika nani?" aliuliza mwishoni.

Nukta alisema ni mtu wa mbali, aliyekuwa na nia ya kusaidia, ambaye hakufikiri kwamba diski inaweza kuwa imeshaondoka. Msajili aliomba jina lake hata hivyo, akaliandika.

Watunzaji wa kiendeshi, wale wa mbali wanaoisimamia programu hiyo, walipopelekewa marekebisho, nao hawakuamini. Mmoja alijibu kwamba mahali pale kielekezi hakiwezi kuwa tupu. Nukta alimtumia ushahidi wa majaribio ya stoo. Kimya cha siku sita kilifuata, kisha yakaja maneno mawili, imepokelewa, asante, na ombi kwamba aangalie sehemu nyingine za uchunguzi. Alizikuta tano zenye kasoro ile ile.

Shemeji alirudi kazini. Alidai barua ya kumsafisha isomwe mbele ya wafanyakazi wote, na Msajili aliisoma, kwa sauti ya chini, haraka, lakini yote. Baada ya hapo shemeji aliomba ripoti zake zisipitie tena kwa Nukta, na Nukta aliona ana haki.

Mdogo wake alichukua miezi miwili kupiga simu, na alipopiga ilikuwa habari ya dawa za mama. Jumapili moja hatimaye Nukta alikwenda. Wakiwa jikoni, mdogo wake alimwambia, bila kugeuka:

"Siku nyingine ukimshuku mume wangu, niulize mimi kwanza."

"Nilikuuliza."

"Hukuniuliza, dada. Ulinichunguza."

Nukta alichukua kitambaa akaanza kufuta sahani, na shemeji alipoingia kutafuta maji ya kunywa, Nukta alijibana kwenye kabati kumpisha.