Kaburi la Yago

Winny Akello hakuanza na siasa. Alianza kama mwanafunzi wa anthropolojia, mwenye kinasa sauti na viatu vya tope, akaishi ufuoni Kolunje kwa Mama Ajwang ili ajifunze jinsi watu wa ziwa wanavyozika. Alikuwa huko siku Oketch, mwana wa huyo mama, alipozama na ziwa likakataa kumrudisha. Wazee wakafanya kama mila inavyotaka: wakachuma tunda la mti wa yago, zito kama mtoto mchanga, wakalivika shati la marehemu, wakalizika badala ya mwili. Siku hiyo Winny alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akayaandika yote, akapata udaktari.

Sifa zikafuata, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Redioni kila kukicha ni yeye, mtetezi wa mila. Akagombea ubunge, akabwagwa vibaya. Waliomshinda, kwa kuogopa mdomo wake, wakampa cheo serikalini, mambo ya ardhi, na nyumba Milimani.

Ndipo ukaja mradi wa gati Kolunje. Makaburi yahamishwe, mifupa izikwe upya kwa sala. Kikaoni mhandisi akauliza kuhusu kaburi moja lisilo na mifupa: nalo lihamishwe? Wote wakamgeukia mtaalamu. Winny alilijua jibu kuliko yeyote pale, lakini mradi ulikuwa umechelewa, wakubwa walikuwa wamenuna, naye alikipenda cheo chake.

"Humo hamna mtu," akasema. "Ni tunda tu."

Tingatinga likapita.

Tangu hapo hana raha. Asubuhi anakuta sebule inanuka ziwa, na nyayo za maji sakafuni zimezunguka vyumba vyote, kama za mtu anayetafuta pa kulala. Wakoli, mlinzi wake, anaapa kwamba lango halikufunguliwa. Winny anaogopa, tena anaogopa kweli, yeye aliyezoea kuyaeleza mambo hayo darasani huku akitabasamu.

Jumamosi moja akatafuta yago, akalifunga ndani ya shati jipya, akaenda Kolunje kuomba mahali pa kulizika. Mama Ajwang alikuwa akianika omena. Hakusimama.

"Mama, nimekosa," Winny akasema, magoti chini. "Nimekuja tumzike Oketch tena."

"Nyathina, mwanangu, umechelewa. Oketch alipita hapa, maji inamtoka tu. Aliniuliza nyumba yake iko wapi."

"Ukamwambia nini, Mama?"

"Nikamwambia mimi sina ardhi, ardhi iko na serikali. Nikamwelekeza kwako."

Winny akarudi Milimani jua likiwa bado juu. Akamwonyesha Wakoli mahali katikati ya bustani, mbele ya dirisha la chumba chake cha kulala, akamwambia achimbe. Wakoli akalitazama lile shati mikononi mwa Winny na tunda lililomo.

"Shimo dogo tu, madam?"

"Hapana," akasema Winny, machozi yakimtoka. "Oketch alikuwa mrefu."