Siku Niliyohukumu Kiyoyozi

Bora niieleze mwenyewe, maana hapa Sib, Omani, kila anayeihadithia anaitia pilipili yake, na juzi nimesikia harusini kuwa eti siku ile nilimfunga mtu jela, jambo ambalo si kweli, sikumfunga mtu, nilimwapisha tu, na hilo peke yake ni aibu ya kutosha kwa mtu wa umri wangu.

Mie nilikuwa nimeshastaafu ujaji miaka mitano. Mnanijua, kazi ya mikono sina. Nyumbani nilikuwa nahukumu tu, nani kaacha friji wazi, nani kahamisha viatu vyangu, mpaka mke wangu Zuwena akawa ananiombea dua nipate pa kwenda. Dua yake ikajibiwa kwa barua. Mahakamani mashauri yalirundikana, majaji hawatoshi, na sheria inaruhusu jaji mstaafu kuitwa tena kwa muda, basi wakaniita kwa miezi mitatu. Aliyenipendekeza ni Khamis, mkuu wa mahakama (zamani alikuwa karani wangu, na mie ndiye niliyemfundisha kuandika hukumu), na alinambia wazi kwenye simu kuwa wapo waliosema wazee wameshachoka, waachwe wapumzike, yeye ndiye aliyeshikilia. Akanambia na shauri la kwanza: Bi Salima, mjane anayekaa mji wa Al Amerat, shemegi zake wanadai nyumba anayokaa si yake, na kesi imeahirishwa mara nne kwa kukosa jaji. Saa tatu kamili, akasisitiza. Nikamuuliza tangu lini mie nikachelewa.

Siku ikafika, nikavaa bushuti langu jeusi, lile joho la wakubwa, nikajifukiza udi, binti yangu Rahma akanipeleka kwa gari kabla ya kwenda kusomesha. Mahakama ilikuwa imehamia jengo jipya ambalo sijapata kuliona, kwa hivyo tulipofika akaniuliza anisindikize mpaka ndani. Hapo ndipo lilipo kosa langu, yaliyofuata yote ni watoto na wajukuu wa hilo. Nikamwambia mie sipelekwi kazini kwa kushikwa mkono kama mtoto wa chuo cha Kurani. Akaenda zake.

Sasa uani pale mna majengo mawili (aliyeyachora Mungu amsamehe), yote meupe, yote ya matao, kila moja na bendera yake. Maandishi yalikuwepo juu ya milango, lakini miwani ya kusomea ilikuwa mfukoni, na mtu aliyevaa bushuti hasimami juani kupekua mifuko. Nikashika la kulia. Askari wa mlangoni aliponiona akasimama wima, akaniuliza naelekea wapi, nikamjibu kuwa watu wananingoja. Na kweli walikuwa wananingoja, ila si humo. Akanipandisha juu mpaka kwenye chumba chenye watu mabenchini na meza kubwa mbele, wote wakanisimamia kwa heshima, na mie moyo ukafura, nikasema kumbe sijasahauliwa.

Nikakaa. Mezani hamna faili hata moja, karani simwoni, nikajisemea huu ndio usasa wanaousema. Nikawatahadharisha kuwa simu yoyote itakayolia humu nitaichukua, kisha nikamwita wa mwanzo.

Wakaja majirani wawili, mmoja analalamika kiyoyozi cha mwenzake kinamdondoshea maji juu ya gari yake. Nilishangaa jambo kama hilo kufika mahakamani, lakini zama zimebadilika, nikamwapisha mwenye kiyoyozi. Masikini, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa maji ni yake, nikahukumu aweke mpira uyapeleke kwenye miti, wakaridhika wote wawili. Wa pili alikuwa muuza vitambaa aliyetaka ruhusa ya kubadilisha kibao cha duka. Nikamuuliza mdaiwa wake ni nani. Akatazama nyuma yake, kama labda mdaiwa kakaa hapo, akasema hana. Nikaliahirisha shauri mpaka mdaiwa apatikane (mpaka leo tukikutana sokoni hunisalimu kwa mbali).

Nikiwa namwita wa tatu, simu ikalia. Nikakunja uso, nikauliza ya nani hiyo. Watu wakatazamana, nayo inalia tu, mpaka mzee mmoja wa benchi la mbele akaninyooshea kidole kwa adabu, kifuani pangu. Nikaitoa. Alikuwa Khamis, na sauti yake ikasikika chumba kizima kama ya redio.

"Sheikh, uko wapi? Saa nne hii."

"Nipo kitini."

"Kiti gani? Chako nimekisimamia hapa, kitupu."

Nikainua macho, nikamwona mtu mlangoni na mafaili kwapani, sijui alikuwa kasimama hapo tangu lini. Kumbe humo ni manispaa, naye ndiye ofisa wa malalamiko ya mji, na gari ilimharibikia njiani. Akanambia kwa upole kuwa mahakama ni jengo la pili, na kuwa wala nisione haya, nimempunguzia kazi. Nikainuka kwa haraka, bushuti likanasa kwenye kiti, nikaenda nacho hatua mbili nzima. Na nilipofika uani, wale majirani wawili wako nyuma yangu, wanataka hukumu yao ipigwe muhuri, wakisema mtu haapi bure. Basi nikaingia mahakamani na msafara wangu.

Khamis alinipokea akitokwa na jasho kuliko mie, akaninong'oneza niseme gari ilikufa njiani. Nikapanda kitini. Mbele yangu Bi Salima, mkoba wa karatasi mapajani. Upande wa pili shemegi zake. Nikafikiri, hawa nnataka kuwaapisha waseme kweli, halafu mie mwenyewe nianze na uongo? Nikawaeleza yote, sikubakisha. Kicheko kikaanza kwa karani kikafika mpaka kwa mashemegi. Bi Salima peke yake hakucheka. Mahakamani husemwa Kiarabu, lakini yeye alisimama akanambia kwa Kiswahili, kile cha kwetu Unguja:

"Baba, miaka miwili nnangoja jaji, saa moja hainiuwi. Nnachokuomba, leo usinyanyuke hapo mpaka unisikilize."

Sikunyanyuka mpaka adhuhuri, tukasali, nikarudi, nikasoma kila karatasi ya mkoba ule. Baada ya wiki mbili nikatoa hukumu, na nyumba ikabaki yake. Khamis hakulifuta jina langu, miezi mitatu ikaongezwa mitatu mingine, ingawa makarani walishanipa jina la jaji wa viyoyozi.

Tangu hapo mie huuliza. Hata maandishi yawe makubwa kama mlango, namsogelea mtu namuuliza, hapa ndipo? Wengine hunitazama kama akili imeanza kunipotea, nnawaacha. Mzee akirudishiwa kazi yake ya zamani, asidhani na njia ya kuiendea ni ile ile.