Gari Lisilotoka Sebuleni

Gari pekee nililowahi kumiliki halikuwa na magurudumu. Lilikuwa mashine ya gemu: sanduku kubwa lenye kiti, usukani, pedeli mbili na kioo kama cha televisheni. Enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumiminika, mjomba alilinunua Arusha likiwa limefungwa turubai, akidhani ni friji. Alipolifungua hapa Gendabi akanikabidhi mimi. "Wewe ndiye hutoki nyumbani," alisema. "Haya, safiri."

Kwa miaka michache sebule yangu ilijaa. Wakulima, na wafugaji walioacha fimbo mlangoni, walipanga foleni huku jenereta ikinguruma nje. Kisha mabanda ya video yakafunguliwa Katesh, watu wakahamia huko, nikabaki naendesha peke yangu. Sikuwahi kuvuka daraja la kwanza. Kila mara lori lilinigonga uso kwa uso.

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mpya, akaja kijana kutoka Arusha, anayewatafutia wakusanyaji wa Ulaya mashine za zamani.

"Shikamoo, mzee."

Hapo ndipo nilipojua nimezeeka. "Marahaba."

Akalizunguka, akalipapasa kama ng'ombe wa mnadani. "Hizi zimebaki chache sana duniani. Nyingi zilivunjwavunjwa."

"Endesha kwanza," nikasema, ili asiwe na haraka.

Akakaa, akashika upande wa kulia, akavuka daraja huku anapiga mluzi.

"Kijana, unavunja sheria! Pita kushoto!"

Akacheka mpaka akaingia mtaroni. "Mzee, hii ni ya Wamarekani. Kwao wanapita kulia. Kumbe miaka yote umekuwa ukiwaingilia wenye malori upande wao?"

Miaka yote. Na siyo mimi tu. Kijiji kizima tuligongwa kwa utii.

Alikula makande, akanywa chai, akataja bei nzuri. Nilikuwa nafungua mdomo kukubali, nikakumbuka kwamba akishalipakia hana sababu ya kurudi.

"Ngoja nifikiri. Njoo mwezi ujao."

Alikuja. Nikafikiri tena. Mara ya tatu alileta sukari na habari za mchumba wake; nikamwambia bado nashauriana na familia. Familia ipi, kwa adabu hakuuliza.

Mara ya nne nilichinja jogoo nikimsubiri. Mchana simu ikaita: amepata nyingine Nairobi, nzima kuliko yangu. "Pole, mzee. Umechelewa kuamua."

"Hakuna shida, mwanangu. Lakini unaweza kupita tu, kusalimia."

Akasema atapita. Nikala paja moja. Nyama iliyobaki nikampelekea jirani, nikakaa kwake mpaka akaanza kupiga miayo.