Mwenye Nyumba Anayepungua Umri

Jamani, kuna watu wanaozeeka, na kuna watu wanaopungua umri. Mwenye nyumba wa shangazi yangu yumo kwenye kundi la pili. Uchaguzi uliopita alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mwaka huu, miaka mitano baadaye, ana arobaini na tisa. Tukimwacha agombee tena na tena, siku moja tutamkuta anatambaa.

Na wala si umbea wa mtaani. Kaandika mwenyewe, kasaini mwenyewe.

Iko hivi. Shangazi amepanga kwake chumba cha kuchapa na fotokopi, kina printa mbili, moja nzima na moja inatafuna karatasi kama mbuzi. Wagombea wote wa udiwani huchapisha hapo. Sasa shangazi, tangu mteja mmoja akosee jina lake mwenyewe halafu akamgeuzia kibao, hachapi kitu mpaka usome nakala ya kwanza na kusaini chini: nimesoma, ni sahihi. Nakala hizo hatupi. Ziko kwenye maboksi chini ya meza, miaka na miaka.

Basi mwenye nyumba akaja na bango lake la zamani, akataka abadilishiwe mwaka na picha tu. Kisima kile kile. Taa za barabarani zile zile. Zahanati ile ile, ambayo hadi leo ni matofali na majani. Ila umri na elimu akaviandika upya: zamani aliishia la saba, sasa ana shahada, chuo hakijulikani. Shangazi akachapa, akampa kalamu asaini.

Kesho yake akabandika ukutani, nje, nakala za wagombea wote wanne. Ya zamani kushoto, ya sasa kulia. Hakuongeza hata nukta. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiyo kwanza anagombea, kushoto kwake ikawekwa karatasi nyeupe. Watu walijaa hapo, fundi cherehani wa mlango wa pili akacheka mpaka akaunguza suruali ya mteja kwa pasi.

Mwenye nyumba akafika. Alianza kwa upole, mara shangazi ni kama dada yake, mara siasa na biashara havichanganyiki. Akamalizia kwa kumkumbusha chumba ni cha nani: karatasi zishuke, la sivyo ahame mwisho wa mwezi. Miaka tisa shangazi yuko pale. Watoto wake wanakula na kusoma kwa mlango ule ule. Hakuna aliyecheka tena.

"Sawa, mzee wangu," shangazi akasema.

"Usimwite mzee," fundi akadakia. "Ana arobaini na tisa."

Shangazi hakugeuka. "Nionyeshe ya uongo ni ipi, niishushe sasa hivi. Ya kweli tuwaachie watu wasome."

Mwenye nyumba akatazama kushoto. Akatazama kulia. Na sisi wote tukatazama kushoto, tukatazama kulia.

"Zote zishuke," akasema mwishowe.

"Kumbe zote?" shangazi akauliza, taratibu kabisa.

Mwanamume akaondoka bila kuaga. Karatasi hazikushuka, na mwisho wa mwezi tukabeba meza. Sasa printa nzima iko sebuleni kwetu, ile mbuzi nalala nayo chumba kimoja. Wateja wamepungua, nisidanganye, na shangazi siku nyingine anakaa tu anapangusa meza safi. Ila karatasi ziko kwenye ukuta wetu wa mbele, na watu wanakuja hata kutoka ng'ambo ya barabara, wanasoma, wanaguna, wanaondoka.

Mama yangu ndiye aliyelalamikia karatasi hizo kuliko wote. Yeye humpigia mwenye nyumba kura kila mara kwa sababu anasalimia vizuri. Jana nikamkuta nje, kavaa miwani, mwiko mkononi, anasoma ya mwalimu mstaafu mstari kwa mstari, midomo inacheza.

Mboga tulizila zimeungua.