Likizo Yangu ya Nakwa

Swali lenyewe lilikuwa fupi: uko wapi sasa? Aliyeniuliza ni kaka mmoja aliyenitangulia kwenye programu ya kimataifa iliyotupeleka ng'ambo kusoma sekondari, ambaye siku hizi ndiye anayetafuta wanafunzi wapya hapa nchini, akiwa na ofisi Dar es Salaam. Alinipigia wakati wa mapumziko, nimesimama kwenye kivuli cha darasa, vidole vimejaa chaki.

"Nipo Babati, kaka."

"Hilo najua. Lakini uko wapi?"

Nikatazama huku na huku kama mjinga. Mlima Kwaraa ulikuwa palepale, umejifunika wingu. Nikamwambia tena: nipo Babati, nyumbani Nakwa, nafundisha hesabu sekondari. Akauliza kama nimeajiriwa. Nikamjibu kwamba najitolea, wazazi wa wanafunzi wananichangia posho, kwa kuwa shahada yangu ni ya hisabati na si ya ualimu. Sauti yake ikageuka kuwa ya mtu anayetoa pole msibani.

"Basi mdogo wangu, tutaandika 'bado anajitafuta'. Ni lugha ya vijana tu, haina ubaya."

Ilikuwa hivi. Jumamosi ya wiki ile yeye na wenzake wa programu walikuwa wanakuja Babati kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne na wazazi wao, kwenye ukumbi wa kanisa moja pale Bagara. Wangeonyesha ukutani picha za sisi tuliomaliza, na chini ya kila picha sentensi moja ya Kiswahili kuhusu alipo sasa. Mama yangu alikuwa amealikwa akae mbele, kama mzazi wa mhitimu.

"Na wewe njoo," kaka akasema. "Ila mtu akikuuliza, sema uko likizo."

Kengele ikalia, nikaingia darasani. Nilifundisha kipindi kizima bila kusikia ninachosema.

Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Neno moja naweza kulala nalo, nikaamka nalo, nikalichota pamoja na maji. Hili la kujitafuta nililigeuza kila upande. Anayejitafuta ni aliyepotea. Mimi nimepotea wapi? Kila asubuhi napita njia ileile kati ya mashamba ya mbaazi, nasalimia watu walewale, shikamoo, marahaba, hujambo madam. Wenzangu waliobaki nje waliandikiwa kwamba "wamefika". Nilikuwa nimeziona sentensi zao kwenye tovuti ya programu: huyu amefika kwenye benki kubwa, yule amefika kwenye maabara. Yaani anayeondoka ndiye anayefika. Anayerudi, huyo bado anajitafuta.

Na hapa ndipo hasira iliponipanda. Siku ya usaili wangu, nikiwa binti mwembamba mwenye viatu vya kuazima, waliniuliza: ukimaliza utarudi kuisaidia jamii yako? Nikasema ndiyo. Tulisema ndiyo sote, na ni kwa jibu hilo walituchagua. Sasa nimerudi, wananionea aibu.

Sitaki kujipamba. Sikurudi kwa uzalendo. Kibali changu cha kuishi kule ng'ambo kiliisha, nikapanda ndege nikidhani nitakaa kidogo, kisha nikaombwa nishike darasa lisilo na mwalimu, na sasa sijui kama nimebaki kwa kupenda au kwa kukosa pa kwenda. Hilo swali ninalo, nalijua, na ni langu. Nilichokasirikia ni mtu wa Dar es Salaam kunijibia ukutani, mbele ya mama yangu.

Maana mtaani kwetu mama yangu haitwi kwa jina lake. Anaitwa Mama, halafu jina langu. Sokoni, kanisani, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, ni hilo tu. Chochote kitakachoandikwa kwenye jina langu, yeye ndiye atakayetembea nacho.

Ijumaa jioni nikaamua kumwambia ili asije akashtukizwa. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamweleza yote, mpaka lile la likizo.

"Eti niseme niko likizo, mama. Mtu mzima. Likizo ya nini?"

Mama hakuinua macho. Alitoa kijiwe, akakitupa nje.

"Mimi ndivyo ninavyowaambia," akasema.

"Unawaambia nani?"

"Watu. Kanisani. Wanauliza, mwanao wa ng'ambo anaondoka lini? Nawaambia yuko likizo."

"Tangu lini?"

"Tangu urudi."

Nilirudi mahindi yakiwa machanga, yakavunwa, yakapandwa tena, yakavunwa tena. Likizo gani hiyo inayovuna mara mbili? Nilitaka kumkasirikia, na nikamkasirikia kweli, lakini hasira ilikuwa haina pa kushika. Yule kaka alikuwa na ofisi. Mama alikuwa na ungo.

"Wewe unanionea aibu mimi?" nikamuuliza.

"Nayaonea aibu maswali yao," akasema. Kisha, kwa ile lafudhi yake ya Kigorowa inayozidi anapochoka: "Wewe ulitaka niseme nini? Hata wewe hujaniambia."

Ni kweli, sikuwa nimemwambia kama nimebaki.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, wakamketisha mstari wa mbele. Mimi nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Kaka yule alikuwa amependeza, suti ya bluu, anaongea vizuri. Picha zikaanza kupita ukutani. Amefika. Amefika. Amefika. Watu wakapiga makofi. Halafu ikaja yangu, nimevaa koti kubwa kwenye theluji, natabasamu kama mtu aliyeganda, na chini yake: Bado anajitafuta.

Makofi yalisita. Baba mmoja kutoka kijiji cha Sigino, ambaye mtoto wake namfundisha, akageukia wenzake.

"Huyu si madam? Huyu jana kanipa shikamoo pale kwenye mashine ya kusaga. Anajitafuta vipi na sisi tunamwona?"

"Labda hajaulizia vizuri," akasema mwingine. "Angeuliza pale kijiwe cha bodaboda, wangempeleka mpaka kwao kwa buku tu."

Ukumbi ukacheka. Nilisikia masikio yanawaka. Kaka naye alicheka kidogo, akijaribu kuokoa jahazi, akashuka kwa mama na kipaza sauti.

"Tunaye mama yake hapa. Shikamoo mama. Hebu tuambie, binti yako yuko wapi sasa?"

Nilijua jibu. Nililisikia Ijumaa, na lilikuwa limekaa mdomoni mwake tangu nirudi. Lingesemwa kwa kipaza sauti, mbele ya wanafunzi wangu, na Jumatatu ningeingia darasani kama mgeni aliyekuja kusalimia. Nikaushika ukingo wa benchi.

Mama alikishika kile chombo kwa mikono miwili. Aliitazama picha ukutani kwa muda mrefu, kama anayemtazama mtu asiyemfahamu vizuri.

"Yupo," akasema.

"Yupo wapi, mama?"

"Yupo hapa. Amekaa nyuma, pale mlangoni." Ukumbi mzima ukageuka. "Anafundisha watoto wa hawa. Huyo wa kwenye theluji ndiye sijui yuko wapi."

Kisha baba wa Sigino akaanza kupiga makofi, peke yake kwanza. Kaka akasema asante sana mama, akarudi mbele, akaendelea na mtu aliyefika kwenye kampuni ya ndege.

Baadaye nilimfuata nje, nikamwambia aifute ile sentensi. Alisema ataongea na wahusika. Alisema pia nisichukulie kibinafsi, ni jambo la mpangilio tu. Nikamuuliza, sentensi hiyo ni ya nani basi, kama si yangu binafsi? Akatazama saa. Mpaka leo sentensi ipo kwenye tovuti yao, na koti langu, na theluji.

Tulirudi Nakwa kwa miguu, mama na mimi, kitenge chake kikishika vumbi. Nilikuwa nawaza kama alichosema ni sifa au ni kukata tamaa, na kama alikipanga au kilimtoka. Sikumuuliza. Karibu na nyumbani tulikutana na jirani, mama wa kwaya.

"Mama," akaita, na jina langu likafuata. "Mwanao bado yupo tu? Likizo haijaisha?"

"Imeisha," mama akasema. "Jumatatu anaingia kazini. Na leo, akishabadilisha nguo, anakuja kupalilia."

Akanitazama aone kama nitabisha. Nikaenda kubadilisha nguo.